Somo la 8: Orodha za Katikati ya Safari

SABATO ALASIRI

Soma kwa ajili ya Somo la Juma Hili: Zab. 90; Hes. 33:1–15, Yos. 14:6–15, Hes. 8:23–26, Kut. 35:30–35, 2 Fal. 4:1–7, Mt. 5:23, 24, Flp. 3:4–14, 2 Tim. 4:9–13.

Fungu la Kukariri: Zaburi 90:12. (Likariri kutoka katika Biblia yako.)

Mvua zinapokaribia kuisha huku Ufipa, mkulima anayefuata desturi ya wazee huingia kwenye shamba lililojaa majani na kuanza kuligeuza kwa jembe. Hachomi moto. Hukata majani pamoja na udongo wake, akayafunika kwa ndani na kujenga vichuguu vya mviringo vinavyoitwa ntumba. Juu yake aweza kupanda maharage. Kiangazi chote, na baridi ya Juni na Julai, majani yale huoza taratibu ndani ya kichuguu. Mvua mpya zinapofika anakibomoa, anakitandaza, kisha anapanda ulezi. Majani yaliyokuwa kero mwaka jana ndiyo mbolea ya mwaka huu.

Somo la juma hili ni kwa watu wote, ila limeandikwa hasa kwa wale ambao shamba lao limeshaota majani mengi: ndugu wa kati ya miaka 45 na 60, ambao watoto wa kwanza wameondoka nyumbani, wazazi wamezeeka au wamelala, na mambo waliyoyapanga wakiwa na miaka 20 yametimia nusu nusu. Tutaandika orodha. Tafuta daftari la kawaida, la kurasa chache tu, na uwe nalo juma zima. Kijana naye aandike, maana atafika huko.

JUMAPILI: Vituo vya Musa, Miaka ya Kalebu

Zaburi ya 90 ni sala ya Musa. Maisha yake Biblia inayagawa katika mafungu matatu ya miaka 40 (soma Mdo. 7:23, 30, 36). Alipofika 40 alidhani wakati wa kazi yake kubwa umewadia, akaua mtu, akakimbia. Fungu la pili lote lilipita Midiani. Na angalia Kutoka 3:1 inavyosema kuhusu kondoo aliokuwa akiwachunga: walikuwa wa mkwewe. Mtu wa miaka karibu 80, aliyesoma elimu yote ya Misri, hakuwa hata na kundi lake mwenyewe. Wako kati yetu wanaojua hali hiyo bila kuelezwa.

Soma Hesabu 33:1–15. Ni nani aliyeagiza orodha hii iandikwe? Taja vituo viwili ambavyo Israeli wangependa vifutwe.

Wasomaji wengi huruka sura hii kwa sababu inaonekana ni majina matupu. Lakini Musa aliiandika kwa agizo la Bwana, kituo baada ya kituo, na hakuchagua vizuri tu. Mara, penye maji machungu, ipo. Refidimu, ambako watu walikosa maji ya kunywa, ipo. Ipo na ile sehemu iliyopewa jina kwa sababu ya makaburi ya waliotamani nyama. Mungu hakutaka safari ikumbukwe kwa kurukwa.

Sasa soma Yoshua 14:6–12. Kalebu anataja umri gani alipotumwa kupeleleza nchi, na umri gani anaposimama mbele ya Yoshua?

Alikuwa na 40. Sasa ana 85. Katikati kuna miaka 45, na sehemu kubwa ya miaka hiyo aliitumia akizunguka jangwani kwa kosa ambalo si lake. Yeye na Yoshua waliamini. Wengine kumi walikatisha watu tamaa. Adhabu ikawa ya wote. Kama kuna mtu aliyekuwa na haki ya kuandika orodha ndefu ya waliompotezea maisha, ni Kalebu. Maneno yake yana hesabu nne tu: kile alichofanya, kile Mungu alichoahidi, nguvu alizonazo leo, na kile anachoomba. Na anachoomba ni nchi ya vilima, yenye Waanaki na miji yenye maboma. Hakuomba bonde lenye maji.

Kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari lako andika vituo vyako. Mahali na mwaka, basi. Shule, ubatizo, ndoa, msiba, kazi ya kwanza, kufukuzwa, kuhama kutoka Namanyere kwenda Sumbawanga mjini, chochote. Usiandike maelezo. Kisha weka alama penye Mara na penye Refidimu.

JUMATATU: Ujuzi wa Mikono

Wafipa wa zamani walitengeneza chuma. Walijenga tanuri la udongo lililopita kimo cha mtu, ilungu, wakalijaza mawe ya chuma na mkaa, na hewa ikaingia yenyewe kupitia matundu ya chini bila mtu kushika mivukuto. Kilichotoka hapo kilisafishwa mara ya pili kwenye tanuri dogo, na hapo ndipo mivukuto ilipotumika. Mwisho wake likawa jembe. Mabaki ya matanuri hayo bado yanaonekana katika nyanda hizi. Kazi yenyewe ilikoma katika karne iliyopita, majembe ya dukani yalipoenea. Siku hizi, ili kujua ilivyofanyika, imebidi wanaakiolojia waje kuchimba na kuuliza wazee, akiwemo Mtanzania Bertram Mapunda. Mafundi walikuwa wengi. Walifariki mmoja mmoja, na vijana wao hawakuwa na sababu ya kujifunza.

Soma Kutoka 35:30–35. Mbali na ustadi wa dhahabu, fedha, shaba, mawe na mbao, Bezaleli na Oholiabu walipewa nini kingine moyoni? (Angalia hasa fungu la 34.)

Tunaposoma habari za Bezaleli huwa tunasimama kwenye ustadi wake. Fungu la 34 linaongeza kwamba alitiwa moyo wa kufundisha. Kwa mtu wa miaka 50, nafikiri fungu hili lina uzito kuliko yaliyolitangulia.

Linganisha na Hesabu 8:23–26. Mlawi aliingia kazini akiwa na miaka 25, na alipofika 50 aliacha utumishi mzito. Lakini hakuambiwa aende nyumbani akae. Aliendelea kuhudumu pamoja na ndugu zake, akilinda. Sheria ya utumishi wa umma hapa Tanzania inamruhusu mtumishi kustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55 na kwa lazima akiwa na 60, na wengi hudhani hiyo ni tarehe ya kuacha kuwa na faida. Mungu aliwaondolea Walawi mizigo ya kubeba, akawaachia ulinzi na ushauri. Ni makanisa mangapi katika mtaa wetu ambako mzee aliyeacha uongozi mwaka jana anakaa benchi la nyuma, hakuna anayemwuliza kitu?

Wengine watasema hawana ujuzi wa kuandika. Mjane wa 2 Wafalme 4 alianza hivyo hivyo. Elisha alipomwuliza ana nini nyumbani, jibu lilianza kwa kusema hana kitu, kisha akakumbuka mafuta kidogo. Soma mafungu ya 1–7 polepole.

Mwaka juzi nilifanya zoezi hili na kikundi kimoja cha akina mama. Mama mmoja alikaa na karatasi tupu muda mrefu.

“Mwalimu, mimi sikusoma. Niandike nini?”

“Maharage yako mama, mbona hayaliwi na wadudu mpaka msimu mwingine?”

“Ah, hayo si majivu tu!”

“Majivu ya nini? Kiasi gani kwa debe?”

Alieleza kwa karibu robo saa, na wenzake wawili wakaanza kuandika. Kabla hatujaondoka alikuwa na mistari kumi na moja: kuchagua mbegu ya mahindi, kumlaza mtoto mwenye homa, kuanzisha wimbo bila kupotea sauti, kupatanisha wakwe, kukausha mboga za kiangazi, na mengine. Mbele ya kila mstari tuliandika jina la mtu aliyekwisha kumfundisha. Mistari saba haikuwa na jina.

Ukurasa wa pili ni huo. Andika unachojua kufanya, na mbele yake jina la anayejifunza kwako.

JUMANNE: Tulivyoahidi

Soma Mathayo 5:23, 24. Ni nani mwenye neno juu ya mwenzake katika mfano huu: yule anayeleta sadaka, au yule asiyekuwepo madhabahuni?

Watu wakiandika malengo ya maisha huandika nyumba ya bati, mashine ya kusaga, shamba la ngano, mtoto wa chuo. Si vibaya. Solomoni naye aliorodhesha aliyoyajenga na kuyapanda (Mhu. 2:4–11), tena orodha yake ilitimia yote, jambo ambalo kwetu ni nadra, na hakuridhika. Lakini kuna malengo ya namna nyingine ambayo hatuyaandiki. Ni yale tuliyomwahidi mtu.

Nilipotimiza miaka 50 nilijaza ukurasa huu nikiwa peke yangu, usiku, umeme umekatika. Kwenye mstari wa nne niliandika jina la mdogo wangu. Nilipopata kazi ya kwanza nilimwahidi baba kwamba nitamlipia kidato cha tatu na cha nne. Mwaka ule nilioa, mwaka uliofuata mtoto akaugua, kisha nikapelekwa kusomea diploma ya theolojia, na ada ya mdogo wangu ikawa jambo la mwakani. Aliacha shule. Nimehubiri mara nyingi kuhusu uaminifu katika zaka na sadaka, na sikumbuki hata mara moja mahubiri yale yakanichoma kwa habari ya mtu huyu, hadi nilipoona jina lake kwa mwandiko wangu.

Nilipanda basi nikaenda kwake. Tulikula ugali na migebuka, tukaongea habari za mvua. Mwishowe nikalisema. Alinyamaza, akachokonoa moto, akasema, “Kaka, nilikuwa nangoja siku utakayolitaja mwenyewe. Hela siitaki tena.” Kisha akasema jambo lililoniuma zaidi: kwamba kwa miaka hiyo yote alikuwa akiwaambia wanawe kuwa aliacha shule kwa uvivu wake, ili nisiaibike mbele yao.

Tangu hapo nalipia ada ya binti yake wa pili. Silitaji jambo hilo ili nisifiwe, kwa kuwa halirudishi kidato cha nne cha baba yake. Mathayo 5 haisemi kwamba ukipatana na ndugu yako deni linafutika kana kwamba halikuwepo. Inasema uende kwanza, ndipo urudi na sadaka yako.

Ukurasa wa tatu, basi, hausomwi darasani. Andika ulichomwahidi mtu na hukufanya. Mwenye kuhitaji kusafiri asafiri kabla ya Sabato.

JUMATANO: Orodha Tusiyoiandika

Wengi husema kwamba jina la mji wetu wa Sumbawanga maana yake ni kutupa uchawi. Tunalifahamu jina hilo vizuri, na tunajua utani tunaotaniwa tukiwa Mbeya au Dar es Salaam. Somo hili lisingekuwa la kweli kama lingepita bila kusema jambo ambalo kila mwalimu wa Shule ya Sabato huku analijua.

Mtu akifika katikati ya maisha na orodha yake ya malengo haijatimia, moyo wake hutafuta maelezo. Ng'ombe walikufa, duka lilifilisika, mke hakupata mtoto wa kiume, kazi aliyotazamia akapewa mwingine. Pole pole anaanza kuandika orodha nyingine, ya kichwani: shangazi yule, jirani yule mwenye macho mekundu, mama mkwe. Haisomi kwa mtu, ila anailisha kila jioni. Na orodha ya namna hiyo imewahi kuwamaliza wazee wasio na hatia katika nchi hii, hasa akina mama wazee. Hilo si jambo la kutania.

Soma Mwanzo 45:4–8. Yusufu alikuwa na majina ya kweli ya waliomdhuru. Aliyataja kwa kusudi gani?

Kumbukumbu la Torati 18:10–12 inatukataza kwenda kwa waganga wa ramli. Washiriki wengi wanalitii hilo kwa miguu, hawaendi. Je, kwa moyo? Kalebu alikuwa na majina kumi ya watu waliochelewesha urithi wake, na katika hotuba yake yote amewataja kwa neno moja tu, ndugu zake (Yos. 14:8). Kama unayo orodha hiyo kichwani, leo usiiandike. Mwombee kila aliyemo kwa jina lake, na ukiweza mpelekee kitu: sahani ya maharage, au kuni.

ALHAMISI: Joho na Vitabu

Paulo alipenda kuorodhesha. Yuko na orodha ya taabu zake (2 Kor. 11:23–28), na ile ya sifa za ukoo na elimu yake, ambayo anaihesabu yote kuwa hasara (Flp. 3:4–8). Lakini iliyo ya mwisho ni fupi mno.

Soma 2 Timotheo 4:9–13, 21. Mtume aliye karibu kuuawa anaomba aletewe nini, na kabla ya majira gani?

Anataka Timotheo aje upesi. Anataka Marko aje naye, yule Marko ambaye zamani alimkataa safarini (Mdo. 15:37–39). Anataka joho aliloliacha Troa kwa Karpo, na vitabu, hasa vile vya ngozi. Na aje kabla ya majira ya baridi. Sisi tunaoishi kwenye baridi ya Ufipa hatuhitaji mfafanuzi wa fungu hili. Mtu mwenye taji iliyowekwa tayari mbinguni anahitaji pia nguo ya kujifunika usiku.

Yapo mafundisho yanayotufanya tuone aibu kuandika mambo madogo. Andika ukurasa wa nne bila aibu: mtu wa kukaa naye, mtu wa kupatana naye, kitu cha kuutunza mwili, kitu cha kusoma. Miwani, kwa mfano. Wako wazee wa kanisa walioacha kusoma Biblia hadharani kwa sababu hawaoni herufi, na hawasemi.

IJUMAA: Jifunze Zaidi

Soma habari za Kalebu katika Wazee na Manabii, sehemu inayoeleza kugawanywa kwa nchi ya Kanaani.

William Miller alikuwa mkulima huko Low Hampton, jimbo la New York. Mwaka 1822, akiwa na miaka 40, aliandika orodha ya mambo anayoyaamini, na kipengele cha 15 kilisema Kristo atarudi ifikapo 1843. Alikaa na imani hiyo miaka mingi akiogopa kusimama mbele ya watu. Hatimaye mwaka 1831, akiwa na miaka 49, aliahidi kwamba akialikwa atakwenda, na mwaliko ukaja upesi. Historia yetu inaanzia karibu na hapo. Tunajua pia kwamba orodha ile ilikuwa na kosa, na kwamba mwaka 1844 watu waliumia sana. Imani yake kwamba Yesu anakuja haikuwa kosa. Tarehe ndiyo iliyokuwa kosa.

Ellen White alifiwa na mumewe, James, mwaka 1881, akiwa na miaka 53. Miaka kumi baadaye alikwenda Australia, akaugua maumivu ya viungo kwa miezi mingi, na huko akaandika sehemu kubwa ya kitabu cha Tumaini la Vizazi Vyote, kilichotoka mwaka 1898.

Maswali ya Kujadili:

1. Katika darasa lenu, ni ujuzi gani utakaopotea kama mshiriki mmoja tu akifariki? Mwiteni kwa heshima, na mpangeni siku ya kujifunza kwake.

2. Kalebu alilipia kutokuamini kwa wengine. Mtu aliyepotezewa miaka na wazazi, mwajiri au hata kanisa, atamwambiaje Mungu jambo hilo bila kusema uongo kwamba hakuumia?

3. Mshiriki anakuja kwako akisema ndoto zake zimefungwa na mtu fulani wa ukoo. Utamsaidiaje bila kumdharau, na bila kumhatarisha yule anayeshukiwa?

4. Ni nani katika kanisa lenu anayehitaji joho, miwani au kitabu kabla baridi ya Juni haijaanza, na ni nani kati yenu atakayempelekea?